Mwalimu wa watu wazima, fungua mlango wa darasa: mwongozo kamili wa kupeana mbinu

Semina ya mwisho niliyohudhuria ilikuwa ya siku mbili, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Nilitoka na begi la kitambaa, daftari jipya, kalamu yenye nembo na posho ya nauli. Mada zilikuwa nzuri na mtoa mada alijua anachosema. Jumatatu iliyofuata nikaingia darasani kwangu, Temeke, nikafundisha vilevile nilivyofundisha Ijumaa. Siipondi semina, posho ile ilinijazia mtungi wa gesi. Lakini mbinu ya kumfundisha mtu mzima haikai kwenye slaidi. Inakaa kwa mwalimu fulani, kwenye chumba fulani, saa kumi jioni, feni haizunguki na madawati ni ya watoto wa darasa la pili. Ukiitaka, nenda ukaione ikifanyika, kisha ukaijaribu kwako na ukosee mbele ya mwenzako.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu mnaofundisha kisomo, ufundi, ujasiriamali, Kiingereza cha jioni, vijana wa MEMKWA (walioikosa elimu ya msingi), akina mama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), au darasa la baada ya sala msikitini na kanisani. Unaeleza jinsi walimu wanne hadi saba wanavyoweza kupeana mbinu kila mwezi hapa Dar es Salaam bila mfadhili. Sisi tuko sita. Makosa yetu nitayataja kadiri tunavyokwenda.

Kwanza, historia kidogo

Nchi hii imewahi kulifanya jambo hili kwa ukubwa wa ajabu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya: wiki 12, viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na washiriki takriban milioni 2. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha watu wakaenda kuchimba choo. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama asilimia 67. Kufikia 1986 hesabu za serikali ziliwaweka karibu asilimia 10. Juni 1976 Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima lilifanya mkutano wake mkuu wa kwanza wa dunia, na ulifanyika jijini hapa.

Viongozi wale 75,000 walifunzwa ngazi kwa ngazi, taifa likafundisha mkoa, mkoa ukafundisha wilaya, wilaya ikafundisha kikundi. Kwa ujumbe mmoja wa wazi, kama choo na maji ya kuchemsha, njia hiyo inafaa sana. Kwa ufundi wa kufundisha inavuja kama ndoo ya plastiki iliyobebwa mwezi mzima: kila ngazi inapoteza kidogo, na wa mwisho anapokea vichwa vya habari. Ndiyo maana sisi tumechagua kwenda kwa upana, mwalimu kwa mwalimu, na hakuna aliye juu ya mwenzake.

Hatua ya 1: Chagua watu kwa njia ya daladala

Kosa letu la kwanza lilikuwa kualikana kwa urafiki. Mmoja alikuwa Bunju, mwingine Chanika, mwingine Kigamboni. Tulikutana mara mbili tu, na mara zote mbili wa Bunju alifika wakati chai imeshapoa. Chagua watu walio kwenye njia moja. Walio pembezoni mwa Barabara ya Kilwa wakutane wao kwa wao; walio kwenye mstari wa mwendokasi wa Kimara wakutane wao. Kama mtu hawezi kutoka kwake akakufikia kwa gari moja au mawili, mwombee heri aanzishe kikundi chake.

Masomo yachanganyike. Katika sita wetu, wawili wanafundisha kisomo, mmoja ushonaji, mmoja Kiingereza, mmoja ujasiriamali, na mmoja anafundisha madereva wa bodaboda sheria za barabarani na kuweka hesabu. Mwalimu wa ushonaji ndiye aliyetufundisha mengi kuliko wote, kwa sababu hana muda wa nadharia: kitambaa kikikatwa vibaya kimeharibika.

Bosi msimwalike mwanzoni. Afisa elimu kata apewe taarifa, ndiyo, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa pia, maana mtahitaji ukumbi na hutaki maswali kuhusu watu wasiojulikana wanaoingia darasani na madaftari. Ila anayesaini tathmini ya mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma, hakuna atakayethubutu kuonyesha somo linalomshinda.

Wa kuwaalika unaweza kuwapata ofisi ya elimu ya watu wazima ya manispaa yako, kwenye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, au kwa kuulizia tu mtaani nani anafundisha akina mama jioni. Ujumbe wetu wa mwaliko ulikuwa mfupi:

"Mwalimu, habari za kazi. Tuko walimu wanne wa watu wazima upande wa Temeke. Kila mwezi mmoja wetu anafundisha, wengine wanakuja kuangalia wanakisomo wanavyojifunza, kisha tunakaa saa moja. Hakuna posho, chai ipo. Ungependa kuja mara moja uone?"

Maneno "hakuna posho" yaache palepale. Yanachuja watu mapema na kuokoa malalamiko ya baadaye.

Hatua ya 2: Kubalianeni mambo machache kabla ya somo la kwanza

Sisi tulikubaliana kwa mdomo, baadaye tukayaandika nyuma ya kalenda. Kinachoonekana darasani kwa mtu hakitoki nje kwa jina lake. Chai ni zamu. Anayechelewa zaidi ya nusu saa haingii katikati ya somo, anasubiri nje.

La adabu tulilikosea. Siku ya kwanza tulimpokea mgeni kijana, akaingia darasani, akapitiliza hadi nyuma, akafungua daftari. Wanakisomo wengi walikuwa na umri wa mama yake. Somo zima waliongea kwa sauti ya chini, na mmoja aliniuliza baadaye, "Yule mtoto wa nani, mbona hana salamu?" Sasa kanuni ni hii: mgeni anaingia kabla ya mwalimu, anapiga shikamoo kwa wanaostahili, anajitaja jina, anaomba ruhusa. "Nimekuja kujifunza jinsi mnavyojifunza. Naomba mniruhusu nikae." Hawajawahi kukataa.

Na waiteni watu wanavyotaka kuitwa: Mama Fulani, Bibi, Mzee, Hajati. Neno "ngumbaru", yaani mtu mzima asiyejua kusoma, baadhi ya wazee wanalitamka kwa mzaha na kwa mapenzi, wanajiita wenyewe. Ukilitamka wewe uliyemaliza chuo, ni tusi.

Hatua ya 3: Leta tatizo dogo

Hapa vikundi vingi hufia. Mtu anakuja na "wanakisomo hawashiki" au "watu wazima hawana mwamko", na mkutano unageuka kuwa kijiwe cha kulaumu. Kulaumu kuna raha yake, hasa na kahawa, lakini mkitoka hapo hamna la kujaribu kesho.

Tumejiwekea swali la kulibana tatizo: wanakwama wapi hasa, wakiwa na nini mkononi? Mwenzetu wa kisomo alikuja na "tarakimu zinawashinda". Tukambana. Tarakimu zipi? "Kubwa." Kubwa vipi? Akafikiri, akasema, "Wakiingiza tokeni ya LUKU. Wanaanza vizuri, wakifika katikati wanapotea, wanaanza upya, mwisho wanamwita mtoto." Hilo sasa ni tatizo la kufanyia kazi. Tokeni ya LUKU, namba ya kuingiza kwenye mita ya umeme wa kulipia kabla, ina tarakimu 20. Wanakisomo hawa wanazijua zote kuanzia 0 hadi 9, ukiwaonyesha moja moja hawakosei. Kinachowashinda ni kushika mahali walipofika huku macho yakihama kutoka simu kwenda mita na kurudi.

Hatua ya 4: Andaeni somo pamoja, ukurasa mmoja

Andalio la somo la kawaida lina safu nyingi na limetengenezwa kwa ajili ya mthibiti ubora. Kwa kazi hii andika vitu vinne tu: tatizo, shughuli moja tunayodhani itasaidia, kile tunachotarajia mwanakisomo afanye au aseme, na dalili itakayotuonyesha kwamba tumekosea. Kitu cha nne msikiruke. Bila hicho, kila somo litaonekana limefanikiwa.

Niwape mfano wa somo la kusoma, maana ndilo tulilolirudia mara nyingi zaidi. Paulo Freire na wenzake, mwaka 1963 mjini Angicos, Brazil, waliwafundisha wafanyakazi takriban 300 kusoma kwa saa 40, wakianzia na maneno yanayotoka kwenye maisha yao. Neno la Kireno linalotajwa sana katika mbinu hiyo ni tijolo, yaani tofali: unalivunja silabi, kila silabi unaitafutia ndugu zake, kisha watu wanajitungia maneno mapya. Kiswahili kimebarikiwa kuliko Kireno kwa kazi hii, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia na irabu.

Tulichagua neno "maji". Dakika kumi za kwanza hakuna chaki. Swali ni moja tu: "Maji ya leo umeyapata wapi, na ndoo shilingi ngapi?" Acha waongee. Mwalimu asiyewahi kufundisha watu wazima ataona muda unapotea. Kumbe hapo ndipo mtu anapoacha kuwa mwanafunzi mwenye hofu na kuwa mtu mwenye jambo la kusema. Kisha andika MAJI, kwa herufi kubwa ubao mzima. Livunje: ma, ji. Waite ndugu zake: ma me mi mo mu, ja je ji jo ju. Silabi kumi, kila moja kwenye kipande chake cha karatasi ya manila. Wape wavipange mezani na usiseme kitu.

Kutoka silabi hizo kumi yanatoka maji, moja, mimi, mama, mume, jiji, jaji, jema. Tulikuwa tumeandika kwenye karatasi yetu: "tunatarajia maneno matatu au manne." Mama mmoja ambaye mwanawe wa kwanza anaitwa Juma alipanga vipande vyake polepole, na kwa kuwa vingine vilijirudia akaazima kwa majirani. Akasogea nyuma kidogo, akasoma kwa sauti: "Mimi mama Juma." Silabi sita zote zimetoka kwenye neno maji. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona sentensi hiyo wakati wa maandalizi, na tulikuwa walimu watano tumekaa mezani nusu saa.

Hatua ya 5: Angalieni wanaojifunza, mwalimu mwacheni

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni anamponya mwenyeji kwa sharti moja, kwamba asimtazame mwenyeji. Ukimtazama mwalimu utaona mwandiko wake, sauti yake, nguo yake, na utatoka na maoni. Ukimtazama mwanakisomo utatoka na habari. Walimu wa Japani wana desturi ya zaidi ya miaka 100 ya kuandaa somo kwa pamoja, mmoja akalifundisha na wengine wakakaa pembeni kufuatilia wanafunzi. Tumeichukua na kuipunguza ikatosha chumba cha serikali ya mtaa.

Kila mwangalizi apewe wanakisomo wawili, asizidishe. Akae pembeni kwa mbele, anapoona mikono na uso. Aandike saa na tukio bila kuongeza maoni. "Amechoka" ni maoni. "Ameweka kalamu chini, ameangalia dirishani" ni tukio. Asimsaidie mtu, hata akiulizwa. Atabasamu, amwelekeze kwa mwalimu.

Niwaeleze siku iliyonifanya niamini jambo hili. Mwenzetu wa Mbagala alisema ana mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, miezi minne yuko silabi zilezile, hashiki. Alikuwa ameshaanza kuamini kichwa cha mama yule kimegoma. Nilipangiwa kumtazama. Nanakili kutoka daftari langu:

"10:12 amepokea karatasi, ameiweka mapajani. 10:14 ameinyanyua, ameisogeza mbali hadi mkono umenyooka. Ameirudisha. Ameisogeza tena. 10:17 anamsikiliza jirani, anarudia anachosema jirani. 10:21 mwalimu anauliza, yeye amejibu 'bado'. 10:25 mwalimu ameandika SOKONI ubaoni. Amesoma. Wa kwanza."

Niliposoma hayo baada ya somo, mwenzetu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe haoni." Tangu mtu anapokaribia miaka 40 lenzi ya jicho huanza kukosa ulaini wa kujikunja, na vitu vya karibu hufifia, vya mbali vinabaki vilevile. Hilo halichagui aliyesoma na asiyesoma. Aliyesoma ananunua miwani. Asiyesoma anaambiwa hashiki, na mbaya zaidi, anaanza kuamini. Mwalimu wa Kiingereza, ambaye naye kavuka hamsini, alivua miwani yake ya kusomea akampa mama ajaribu. Mama aliitazama karatasi, akatutazama sisi, akasema, "Hii karatasi mlikuwa mnanipa imeandikwa hivi siku zote?"

Miwani ya kuazima si tiba. Tulimshauri akapimwe macho hospitali, akaenda. Ila kuanzia wiki ile madarasa yote sita yalibadilika. Hatutoi fotokopi zenye herufi ndogo. Tunaandika kwa makapeni kwenye manila, herufi upana wa vidole viwili. Waliovuka arobaini wanakaa upande wa dirisha. Na siku ya kujiandikisha, baada ya jina na namba ya simu, tunauliza: "Uzi unaupitisha mwenyewe kwenye sindano, au unamwita mtoto?"

Hatua ya 6: Mazungumzo, siku hiyohiyo

Msiahirishe hadi Jumamosi. Kaeni palepale, wanakisomo wakishaondoka, dakika 45 hadi saa moja. Atangulie mwalimu aliyefundisha: nini kilikwenda kama alivyotarajia, nini hakikwenda. Wafuate waangalizi, kila mmoja asome madaftari yake kama yalivyo. Baada ya hapo ndipo mjadala unafunguliwa.

Neno linaloua mazungumzo haya ni "ungefanya". "Ungefanya makundi." "Ungeanza na wimbo." Mtu akilitamka, mwongoza kikao amgeuzie kuwa swali la kilichoonekana. Siku moja ilikwenda hivi:

"Dada, ungewapa muda zaidi."

"Uliona nini, kaka?"

"Niliona... ulipouliza, ulihesabu kama moja, mbili, ukajibu mwenyewe. Bibi wa kilemba alikuwa ameshafungua mdomo."

"Bibi alifungua mdomo?"

"Mara tatu."

Baada ya jibu hilo hakuna ushauri uliohitajika. Dada yule siku hizi akishauliza swali anahesabu vidole nyuma ya mgongo hadi kumi kabla hajaongea. Namuona nikimtembelea.

Pongezi nazo ziwe na mwili. "Somo zuri, hongera" tunalisema wakati wa kuagana, kama salamu. Mnapokuwa kwenye kikao, sema ni kitu gani kilimsaidia nani.

Hatua ya 7: Ijaribu mtaa mwingine, uone itakapovunjika

Rudi kwenye LUKU. Mwalimu wa ushonaji ndiye aliyeleta dawa. Alikata kipande cha manila, akatoboa dirisha linaloonyesha tarakimu nne tu. Mwanakisomo ananakili tokeni kwenye karatasi kwa mistari mitano, kila mstari tarakimu nne, kisha anashusha dirisha mstari kwa mstari huku akibonyeza mita. Alisema yeye hufundisha hivyohivyo kupima: huangalii futi nzima, unaangalia inchi uliyopo. Baada ya majaribio mawili wengi wa darasa lile walikuwa wanaingiza umeme wao wenyewe.

Tulifurahi, tukalipeleka somo kwa vijana wa bodaboda wa mwenzetu. Likadoda. Wengi wao wamepanga chumba, umeme ananunua mwenye nyumba, tokeni hawajawahi kuishika. Walicheka na kusema hilo ni somo la wenye nyumba. Mwalimu wao alikaa wiki, akarudi na namba ya malipo ya serikali, ile yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Kila dereva ameshawahi kuilipia faini, na kila mmoja ana kisa cha mtu aliyekosea tarakimu. Mistari mitatu ya tarakimu nne, dirisha lilelile. Likakaa.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wenu ongezeni mstari: "Imejaribiwa wapi, ikabadilishwa nini." Karatasi yetu ya LUKU sasa ina masahihisho matatu ya kalamu tofauti, na mimi naiamini kuliko kitabu chochote cha kiongozi cha mwalimu nilichonacho kabatini.

Hatua ya 8: Tunza, lakini kwa adabu

Faili moja la kamba na karatasi, kwa mtu mmoja mwenye nyumba kavu. Kundi la WhatsApp litumike kwa mambo matatu: kupanga tarehe, picha ya karatasi ya somo, na ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili wa "leo nimejaribu hili, limetokea hili". Video ndefu zinakula bando la watu na hakuna anayezimaliza. Salamu za asubuhi zenye maua na dua zipelekwe kwenye kundi la ukoo.

Picha za wanakisomo ni jambo la kutazama kwa makini. Mtu mzima anayejifunza kusoma mara nyingi hajamwambia jirani, na wengine hawajamwambia mume. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, heshima ingetosha. Piga picha ya vipande vya manila mezani na mikono, uso uuache. Kama uso lazima, omba ruhusa ya mtu mwenyewe, umwambie picha inaenda wapi.

Hatua ya 9: Mwalimu mpya aanzie mwishoni

Jean Lave, mtafiti Mmarekani, miaka ya 1970 alikaa na mafundi cherehani wa Liberia akaona mwanafunzi wa fundi haanzi na kukata kitambaa. Anaanza na kupiga pasi nguo iliyokwisha, kuweka vifungo, kukunja pindo, kisha kushona, kukata ni mwisho kabisa. Anaijua nguo nzima kabla hajapewa mkasi. Mafundi wetu wa Kariakoo watakuambia vivyo hivyo.

Tumemlea hivyo mwalimu wetu wa sita. Mwezi wa kwanza alifunga somo tu: dakika kumi za mwisho, kuuliza watu watafanya nini na walichojifunza kabla hatujaonana tena. Mwezi wa pili aliongoza zoezi la katikati. Mwezi wa nne ndipo alipofungua somo, na kufungua ndiko kugumu, kwa sababu hapo ndipo unapowafanya watu waongee. Awali tulikuwa tunafanya kinyume, mgeni tunampa utangulizi kwa kuwa unaonekana mwepesi. Wageni waliungua mbele ya watu, na mmoja wao hakurudi.

Kuhusu vyeti na kupanda

Nitapita haraka. Kikundi hakitoi cheti. Ukitaka sifa rasmi, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina kozi kuanzia astashahada hadi shahada, na Chuo Kikuu Huria, chenye makao makuu Kinondoni, kinakuruhusu kusoma huku ukifanya kazi. Wizara ya Elimu nayo ina mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaotumia jumuiya za kujifunza shuleni. Kama umeajiriwa serikalini, mweleze mkuu wako kwamba kikundi chako kinafanya kazi ya aina hiyo. Daftari lako la uangalizi, karatasi za masomo zenye masahihisho na tarehe, ziweke kwenye jalada. Mmoja wetu alilipeleka kwenye usaili wa kazi, akaombwa asimulie ukurasa mmoja. Alisimulia wa miwani. Kazi alipata.

Kikundi kikiyumba

Kitayumba. Wakati wa Ramadhani hamishieni asubuhi au pumzikeni. Masika ikimwaga na Jangwani ikijaa, hakuna atakayekuja. Tumieni mwezi huo kusoma karatasi za zamani kwa simu. Mtu akikosa mara mbili, mtu mmoja ampigie, asitumiwe ujumbe kundini. Mara nyingi utakuta zamu yake ya kufundisha imekaribia na anaona aibu. Mwambie atafundisha pamoja na mwenzake. Na mkibaki watatu, endeleeni na watatu.

Mwezi huu tunakutana Buguruni, kwa mwenzetu wa ujasiriamali. Wanakisomo wake ni akina mama lishe na wauza mboga. Ukimpa mmoja wao noti ya elfu kumi kwa chakula cha 6,700, anakurudishia 3,300 kabla hujakaa: mia tatu kufika elfu saba, elfu tatu kufika kumi. Ukimwandikia ubaoni 10,000 kutoa 6,700, ukamwambia akope, anaweka kalamu chini. Mwalimu amekuwa akifundisha kukopa kwa wiki tatu. Tumeshakubaliana kwamba Alhamisi hakopi mtu. Watauziana chakula cha kuigiza kwa noti za karatasi, na sisi watano tutaandika maneno wanayotamka wakati wanarudisha chenji.